Taya lililojijenga upya: uchambuzi wa kisa cha mtoto mmoja wa magharibi mwa Kenya

Kwa nini tunakisimulia

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaowaona watoto wenye uvimbe wa taya kabla hawajafika kwa mpasuaji: maafisa wa kliniki, wauguzi na madaktari wa meno wa hospitali za kaunti. Kitawafaa pia wapasuaji vijana wanaojiandaa kukata taya la mtoto kwa mara ya kwanza. Mama wa mtoto aliridhia kisimuliwe. Jina, kijiji, hospitali, tarehe na mambo kadhaa ya kifamilia yameondolewa, na umri umekadiriwa tu.

Kiini chake ni utando wa mfupa, ambao katika vitabu vya tiba huitwa periostiamu. Utando huu umeufunika mfupa karibu wote, isipokuwa pale penye gegedu ya kiungo. Una matabaka mawili. La nje ni gumu, lina nyuzi na mishipa ya damu. La ndani, linalogusa mfupa wenyewe, lina seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za kujenga mfupa. Kwa mtoto tabaka hilo la ndani ni nene na halipumziki, kwa sababu ndilo linalounenepesha mfupa anapokua. Kwa mtu mzima limekonda sana, ingawa halijafa: mfupa ukivunjika huamka tena.

Ninaloliamini, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba katika upasuaji wa taya la mtoto, kuamua utando ubaki wapi na uondolewe wapi kuna uzito uleule wa kuamua mfupa ukatwe kutoka wapi hadi wapi. Mara nyingi uamuzi huu hauzungumzwi kabisa. Unafanywa na mkono wa mpasuaji mle mle chumbani, kwa mazoea.

Mtoto na uvimbe wake

Binti wa miaka 10 hivi aliletwa Kisumu na mama yake pamoja na nyanya yake. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto wa taya la chini na ulikuwa umeanza zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Haukuwa na maumivu, na kwa kuwa haukuuma, nyumbani walidhani ni jino linatafuta njia ya kutoka. Gego moja lilipoanza kucheza lililegea hadi likang'olewa kwenye kliniki ya mtaani, bila eksirei. Tundu la jino halikuziba vizuri. Nyama laini ikaanza kuota mle ndani, na uvimbe ukaendelea kukua. Akapewa antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine. Mtoto alikuja akiwa ameinua kola ya sweta ya shule hadi kwenye shavu, katika joto la mchana la Kisumu, na hakuishusha mpaka muuguzi alipofunga mlango.

Aliyegeuza mkondo wa mambo ni afisa wa kliniki wa kituo cha afya karibu na kwao. Katika eneo hili, mtoto akiwa na uvimbe wa taya, jambo la kwanza kuwaza ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya seli nyeupe za damu. Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliieleza mwaka 1958, na maeneo ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yanayoathirika zaidi duniani. Ugonjwa huo unahusishwa na malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr. Unakua kwa kasi ya kutisha, siku hadi siku, hulegeza meno mengi kwa pamoja, na unaweza kutokea tumboni au nyuma ya jicho. Unatibiwa kwa dawa za saratani. Kulikata taya la mtoto mwenye Burkitt ni kumjeruhi bure na kumchelewesha.

Afisa yule alimuuliza mama swali moja la maana: "Mama, sweta hii alipoinunuliwa mwaka jana, shavu lilikuwa hivi?" Mama akajibu kwamba lilikuwa limeshaanza, ila dogo. Akampapasa tumbo, akamwangalia macho, akaagiza kipimo cha damu, halafu akaandika barua ya rufaa isiyozidi mistari sita yenye kila tulichohitaji. Uvimbe uliokwenda polepole kwa zaidi ya mwaka ulielekea kuwa kitu kingine, lakini hakutaka kubahatisha, naye alikuwa sahihi.

Kujua ni nini kabla ya kukata

Eksirei ya taya zima ilionyesha mfupa uliojaa vishimo vilivyopakana, vikubwa kwa vidogo, kuanzia kwenye meno yaliyo nyuma ya chonge hadi pembe ya taya, na kupanda kidogo kwenye tawi linaloelekea sikioni. Kichwa cha taya, kile kinachoingia kwenye kiungo mbele ya sikio, kilikuwa salama. Ukibonyeza shavu kwa kidole gumba, ukuta wa nje wa mfupa ulibonyea kidogo na kutoa mlio mwembamba wa kukwaruza. Mfupa ulikuwa umesukumwa nje hadi ukawa mwembamba mno.

Tulichukua kipande cha nyama kutoka ndani ya uvimbe. Majibu ya patholojia yalisema ni ameloblastoma, ile ngumu yenye vyumba vingi. Ni uvimbe unaotokana na seli za jamii ya zile zinazotengeneza enameli ya jino. Kwa kawaida hausambai mwilini, lakini unaula mfupa, na ukikwanguliwa tu una tabia ya kurudi. Kwa watoto wa Ulaya na Marekani aina inayoonekana zaidi ni ile ya chumba kimoja, ambayo mara nyingi inaweza kutibiwa bila kukata kipande kizima cha taya. Ripoti kutoka Afrika zinaonyesha aina ngumu mara nyingi zaidi kwa watoto wetu. Hili lina maana kubwa kwetu: kitabu kilichoandikwa mbali kinaweza kumfanya mtu akwangue mahali panapotaka kukatwa.

Tulipendekeza kukata kipande kizima. Seli za uvimbe huu hujipenyeza kwenye nafasi za uboho, milimita 2 hadi 8 kupita ukingo unaouona kwenye eksirei, na ndiyo sababu wapasuaji hukata sentimita 1 hadi 2 nje ya ukingo huo. Kwa binti huyu, hiyo ilikuwa na maana ya kuondoa karibu nusu nzima ya mwili wa taya upande wa kushoto.

Nyanya alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo wengi hawaulizi. "Mwanangu, mkishautoa huo mfupa, uso wa mtoto utashikwa na nini?"

Daktari aliyekuwa akizungumza nao alimwonyesha bamba la titani, akalipitisha kwenye taya lake mwenyewe ili aone linavyokaa.

"Na mfupa?"

"Mfupa, nyanya, tunatumaini utarudi. Kuna utando unaoufunika. Tukiweza kuuacha, kwa mtoto wa umri huu huwa unaotesha mfupa mwingine. Lakini siwezi kukuapia."

Nafikiri jibu hilo lilikuwa zuri kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye fomu ya idhini.

Mjadala wa utando

Kwa mtu mzima, pengo la namna hii mara nyingi huzibwa kwa mfupa mwembamba wa mguu, uliotolewa pamoja na mishipa yake na kuunganishwa shingoni chini ya hadubini. Kazi hiyo inataka timu mbili, saa nyingi na uangalizi wa karibu usiku na mchana. Njia ya pili ni kuchukua mfupa wa nyonga au ubavu. Ya tatu ni kuhifadhi utando, kushikilia ncha mbili za taya zisicheze, na kusubiri. Wapasuaji katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, wamekwisha kueleza mataya ya watoto yaliyojijenga upya kwa njia hii, na wote wanarudia mambo yaleyale: umri mdogo, utando uliobaki, ncha zilizotulia, na kidonda kisicho na usaha.

Ndani ya timu hatukukubaliana mara moja. Mwenzetu mmoja, ambaye ameona ameloblastoma nyingi zilizorudi, alitaka utando wote uondoke pamoja na taya. Hoja yake ilikuwa nzito. Utando ndio ukuta wa mwisho kati ya uvimbe na nyama ya shavu. Pale uvimbe ulipokwisha kutoboa mfupa, utando unaweza kuwa umeshaguswa na seli zake, na kuuacha ni kuacha mbegu. Uvimbe ukirudi ndani ya misuli ya shavu au kuelekea chini ya fuvu, ni vigumu sana kuutibu. Mwingine alijibu kwamba kuung'oa utando wote kwa mtoto wa miaka 10 ni kumhukumu abaki na pengo, na pengo hilo litazibwa baadaye kwa upasuaji mwingine mmoja au zaidi.

Mabishano hayo yangeweza kuendelea hadi asubuhi ya upasuaji. Yalitatuliwa na skani ya CT. Familia ilichangisha pesa zake kwa harambee ya kanisa na chama cha akina mama. Tulizichapisha picha za skani tukakaa nazo mezani, tukaupitia ukuta wa mfupa kidogo kidogo na kutia alama kwa kalamu nyekundu. Ukuta wa nje ulikuwa mwembamba lakini mzima. Ukingo wa chini wa taya ulikuwa mzima. Ukuta wa ndani, upande wa ulimi, ulikuwa umetoboka mahali pamoja, kama upana wa kucha ya kidole gumba. Na juu, kwenye tundu la lile gego lililong'olewa, uvimbe ulikuwa umegusana moja kwa moja na fizi.

Hapo uamuzi ukajileta wenyewe. Utando wa nje na wa ukingo wa chini ungebaki. Utando wa ndani, pale palipotoboka, ungeondolewa pamoja na nyama inayoupakana. Fizi na utando wa juu kuzunguka tundu la jino navyo vingeondoka. Yule mwenzetu aliyetaka utando wote utoke aliitazama ramani ile nyekundu kwa muda, akasema, "Sawa, kwa mpaka huu nakubali." Lakini akaweka sharti: kipande cha utando kinachoachwa kingekatwa pembezoni na kupelekwa maabara chenyewe, kwenye chupa yake, na majibu yakija na seli za uvimbe tungerudi chumbani. Sharti hilo liliandikwa kwenye faili.

Chumba cha upasuaji

Taya lilifikiwa kwa mkato chini ya shavu, pamoja na mkato ndani ya mdomo kuzunguka eneo la tundu. Kabla ya mfupa wowote kukatwa, meno ya juu na ya chini yalifungwa kwa nyaya yakiwa yameumana sawasawa, bamba likapindwa kufuata umbo la taya, na matundu ya skrubu yakatobolewa kwenye mfupa mzima wa mbele na wa nyuma. Kisha bamba likaondolewa kwa muda. Mtu akiruka hatua hii, ncha mbili za taya zitakaa zinavyotaka zenyewe, na mfupa mpya utajengwa kwa kufuata upotofu huo.

Kuubandua utando wa mtoto ni kazi ya upole. Unakuja kwa urahisi kuliko wa mtu mzima, ila pale misuli ya kutafunia inapojishika, na urahisi huo unamdanganya mpasuaji akaenda mbio. Kifaa bapa kinatakiwa kibaki kinagusa mfupa muda wote, kikisukumwa taratibu, ili tabaka la ndani libanduke pamoja na la nje. Likichanika, unakuwa umeacha seli za kujenga kwenye mfupa unaokwenda kutupwa, na mtoto amebaki na ngozi ya nyuzi tupu. Pale ukuta wa nje ulipokuwa mwembamba mno tulikwenda kwa nusu sentimita, chachi yenye maji ya chumvi ikiwekwa juu ya utando uliokwisha kubanduliwa usikauke. Vidonda vidogo vya damu kwenye utando vilibanwa kwa kidole na chachi. Kifaa cha umeme cha kuchomea mishipa hakikuguswa upande huo.

Taya lilipotoka, utando ulibaki umelegea kama foronya iliyotolewa mto, kwa sababu ulikuwa umekwisha kutanuka na uvimbe. Bamba lilirudishwa mahali pake na kukazwa. Utando ukafungwa kulizunguka kwa nyuzi zinazoyeyuka, ukafanya mfuko mrefu kutoka ncha hadi ncha, damu iliyoganda ikabaki ndani yake. Misuli ya kutafunia ilishonwa kwenye mfuko huo. Upande wa ulimi, pale utando ulipoondolewa, mfuko ulibaki na dirisha ambalo tulilifunika kwa nyama ya sakafu ya mdomo. Fizi ilifungwa kwa safu mbili. Neva inayopita ndani ya taya na kuipa mdomo wa chini hisia ilikuwa imezungukwa na uvimbe, ikaondoka nao.

Miezi iliyofuata

Siku za mwanzo alilishwa kwa mrija wa puani, kisha kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo. Mama alipata njia yake: uji wa wimbi uliochanganywa na omena iliyokaushwa, kusagwa laini na kuchujwa, pamoja na maziwa. Mtoto alipungua uzito kidogo wiki ya kwanza, halafu akaanza kuurudisha. Mdomo ulisukutuliwa kila baada ya chakula, kwa dawa ya klorheksidini asubuhi na jioni na maji ya chumvi nyakati nyingine. Muuguzi wa wadi alimfundisha mtoto mwenyewe, si mama peke yake, na ninaamini ndiyo sababu ilifanyika hata nyumbani.

Majibu ya patholojia yalikuja: kingo za mfupa hazikuwa na uvimbe, na kile kipande cha utando kilichokwenda kwenye chupa yake kilikuwa safi.

Eksirei ya wiki ya sita baada ya upasuaji ilionyesha kivuli cheupe, hafifu, kwenye mstari wa ukingo wa chini. Mtu asiyeutafuta asingeuona. Kufikia mwezi wa tatu kivuli kilikuwa kimekuwa daraja kutoka ncha hadi ncha, chini ya bamba.

Halafu wakapotea. Muhula wa shule ulianza, nauli ya matatu kwa watu wawili ilikuwa nzito, na mtoto hakuwa na maumivu. Walirudi mwezi wa nane. Bamba lilikuwa limechungulia ndani ya mdomo, upande wa ulimi, na usaha kidogo ulitoka pembeni yake. Tuliliosha, tukampa dawa, tukaliacha bamba mahali pake kwa kuwa mfupa mpya ulikuwa bado mwembamba na lilikuwa limekaza. Lilipokwisha kutimia mwaka na daraja likawa limejaa, liliondolewa. Mfupa uliokuwa chini yake ulikuwa mgumu, una rangi ya kawaida, na ulitoka damu ulipoguswa kwa bisibisi.

Sasa ni zaidi ya miaka mitatu. Uvimbe haujarudi. Anakula ugali na samaki kwa upande wa kulia, anafungua mdomo vizuri, na kola ya sweta iko chini. Mfupa wa upande wa kushoto upo mzima, lakini ni mfupi kwenda juu ukilinganishwa na wa kulia, hauna ile sehemu ya juu inayobeba meno, na umebonyea kwa ndani, palepale palipokuwa na dirisha. Kidevu kimesogea kushoto milimita chache. Mdomo wa chini upande huo una ganzi, na wakati mwingine hujiuma bila kujua. Magego ya juu ya kushoto, kwa kukosa ya kuumana nayo, yameanza kushuka.

Uchambuzi: utando ulifanya nini

Jambo linalonigusa zaidi katika eksirei zake ni jinsi mfupa mpya unavyoifuata ramani ile ya kalamu nyekundu. Utando ulipobaki, pana mfupa. Ulipoondolewa upande wa ulimi, pana bonde. Ulipoondolewa juu, hapana kitu.

Wanasayansi wamebishana juu ya hili kwa muda mrefu. Mfaransa Duhamel du Monceau, katika karne ya 18, alipitisha nyaya za fedha chini ya utando wa wanyama, na baadaye akazikuta zimefunikwa na mfupa. Louis Ollier wa Lyon alichapisha mwaka 1867 majaribio mengi yaliyoonyesha kwamba utando uliohamishwa unaweza kuotesha mfupa mahali papya. William Macewen wa Glasgow akampinga, na katika kitabu chake cha 1912 akashikilia kwamba utando ni mpaka tu, na kwamba mfupa hujengwa na mfupa. Leo tunajua kwamba tabaka la ndani la utando lina seli shina, yaani zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za kujenga mfupa, kwa hiyo Ollier alikuwa karibu zaidi na ukweli. Lakini Macewen hakuwa amekosea kila kitu. Kwa binti huyu daraja lilianza kutoka kwenye ncha mbili za mfupa na kukutana katikati. Uboho wa ncha hizo nao ulichangia. Na utando bila utulivu usingetosha: ncha zikicheza, seli zilezile hujenga gegedu na nyuzi badala ya mfupa.

Kuna somo lingine kutoka kwa watoto wenye mpasuko wa kaakaa. Tord Skoog wa Sweden alieleza mwaka 1965 jinsi ya kugeuza kipande cha utando kufunika pengo la taya la juu, na mfupa ukaota ndani yake. Hata hivyo, wapasuaji wamejifunza pia kwamba kuubandua utando wa kaakaa kupita kiasi na kuacha mfupa wazi huleta kovu, na kovu hilo hulivuta taya la juu lisikue mbele na kwa upana. Utando uleule ukitunzwa hujenga, ukijeruhiwa hubana. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouona kama kitu cha kuusogeza tu ili kuufikia mfupa.

Uchambuzi: jino lililong'olewa

Kosa lililogharimu zaidi katika kisa hiki lilitokea kabla ya rufaa. Jino lililegea kwa sababu uvimbe ulikuwa umekula mizizi na mfupa wake. Kulitoa bila eksirei kuliufungulia uvimbe njia ya kufika kwenye fizi, na kwa hiyo utando wa sehemu ya juu ya taya haukuweza kuokolewa. Mtoto hana ukingo wa kubeba meno leo kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo. Huenda ukingo huo usingerudi wote hata kama jino lingeachwa, kwa kuwa mifupa inayojijenga namna hii mara nyingi huwa mifupi. Lakini fizi nzima na utando mzima juu yake vingetupa nafasi ambayo hatukuwa nayo, na bamba lingekuwa na kifuniko kizuri zaidi. Gego la kudumu la mtoto linalocheza, halijatoboka, halina historia ya kuanguka wala kupigwa, lisiguswe na koleo mpaka eksirei ionekane.

Uchambuzi: bamba na ukuaji

Taya la chini hukua kwenye gegedu ya kichwa chake karibu na sikio, na pia kwa utando kuweka mfupa kwenye ukingo wa nyuma wa lile tawi linalopanda huku ukingo wa mbele ukiliwa taratibu. Hivyo ndivyo magego ya nyuma yanavyopata nafasi. Kwa binti huyu, kichwa cha taya na sehemu ya juu ya tawi vilibaki, na ndiyo sababu kidevu kimesogea milimita chache tu. Kama vingeondoka, ningetarajia uso uliopinda zaidi kila mwaka hadi ukuaji ukome.

Bamba lilifanya kazi ya lazima, kisha likaanza kuzuia. Chuma kikibeba mzigo wote wa kutafuna, mfupa ulio chini yake haupati sababu ya kunenepa, na bamba lililoshika mbele na nyuma halikui pamoja na mtoto. Kulitoa mapema ni hatari ya mfupa kuvunjika. Kulichelewesha ni kuubana. Tulingoja mwaka kwa sababu ya usaha na mfupa mwembamba, na sidhani tulikuwa na njia bora. Lakini upasuaji wa pili ulipaswa kuelezwa na kupangiwa gharama tangu siku ya kwanza. Familia ilisikia habari za kuliondoa bamba wakati ikidhani matibabu yamekwisha, ikalazimika kurudi kwa watu walewale kuomba mchango.

Ganzi ya mdomo nayo ilielezwa kwa haraka mno. Mama alikumbuka kila kitu kuhusu mfupa, ila hakukumbuka kuambiwa kwamba mtoto atajiuma.

Uchambuzi: mipaka ya kisa hiki

Mtu asikisome kisa hiki akahifadhi utando kila mahali. Kwa saratani ya kweli ya mfupa au ya fizi inayovamia taya, utando unaopakana na ugonjwa unaondoka bila mjadala. Kwa mtu mzima wa miaka 40 mwenye ameloblastoma ileile, kusubiri utando uzibe pengo la ukubwa huu si mpango wa kuutegemea, apandikizwe mfupa. Hata kwa watoto, wapo ambao mfupa haurudi wa kutosha, na familia ijue hivyo kabla.

Mpango uliopo

Ameloblastoma inaweza kurudi baada ya miaka mingi, ingawa nyingi zinazorudi huonekana ndani ya miaka 5 ya kwanza. Binti ataangaliwa kila mwaka kwa miaka isiyopungua 10. Amewekewa meno ya bandia ya kuvua, yanayozuia magego ya juu yasishuke zaidi, na yatabadilishwa kadiri anavyokua. Ukuaji wa uso ukikoma, tutapima kama anataka kuongezewa mfupa wa nyonga upande wa kushoto ili meno ya kudumu ya bandia yapate mahali pa kusimama, na kama kidevu kinahitaji kunyooshwa. Uamuzi huo utakuwa wake.

Kuhusu nauli, sasa eksirei hupigwa katika hospitali ya kaunti iliyo karibu na kwao, picha hutumwa kwa simu, na yule afisa wa kliniki aliyemwandikia rufaa ndiye anayemtazama mdomo kati ya safari moja ya Kisumu na nyingine. Tangu hapo hajakosa miadi.